VISIKI VIPI VISAGWE, VIPI VING'OLEWE, VIPI VIACHWE

(Maneno ya Kamati ya Shamba mbele ya mkutano wa wanachama, Mang'ula. Tumeyanakili hapa ubaoni kwa ajili ya ndugu waliokuwa na udhuru. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Tunajua wengi mmeacha kazi zenu, na wengine mmetoka mbali kwa baiskeli. Leo tuna jambo moja tu, nalo ni visiki.

Wapo watakaocheka. Watasema, ati kamati nzima imekaa vikao vitatu inajadili visiki? Ndiyo, ndugu zetu, imekaa. Na kabla hatujaendelea inafaa tuseme kosa letu, maana mficha uchi hazai.

Msimu uliopita tulikodi trekta kulima shamba letu la ushirika, zile ekari 30. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Sisi wa kamati ndio tuliopaswa kutangulia kulikagua shamba, na hatukutangulia. Trekta likaingia. Halijamaliza raundi ya tatu, plau ikagonga kisiki kilichojificha majanini. Diski moja ikapasuka na fremu ikapinda.

Hapo hasira ikatupanda. Tukasema, kisiki hiki leo kitatoka tu. Tukaleta mnyororo, tukaufunga kwenye kisiki, na upande wa trekta tukaufunga juu, pale penye mkono wa juu wa kubebea plau. Dereva akakanyaga mafuta. Kisiki hakikutikisika, ila magurudumu ya mbele ya trekta yakanyanyuka hewani. Dereva aliwahi kukanyaga klachi, likarudi chini kwa kishindo. Tulionyamaza tulikuwa wengi siku ile. Baadaye fundi akatueleza: mnyororo ukifungwa juu kuliko ekseli ya nyuma, na kitu unachokivuta kikagoma, trekta linajiinua lenyewe na kumwangukia dereva kwa nyuma. Kote duniani madereva wamekufa kwa kosa hilo hilo. Sisi Mungu alitusitiri.

Basi tukasubiri siku nne kupata diski nyingine. Mvua ikatuwahi. Wenye vipande vya mwisho walipanda wakiwa wamechelewa, na mnajua wenyewe walichovuna. Ndugu hao wako hapa mbele yetu. Tunawaomba radhi, na tunawaahidi kwamba mwaka huu trekta halitaingia shambani kabla visiki havijahesabiwa.

Sasa tuje kwenye mashine.

Vijana wetu wameleta habari ya mashine ya kusaga visiki, inayofungwa nyuma ya trekta. Sisi wa Mang'ula si wageni wa mashine. Wazee wanaikumbuka kambi kubwa ya Wachina wakati wa kujenga reli ya TAZARA, mwaka 1970 mpaka 1975, na karakana iliyokuwa hapa hapa kwetu. Kwa hiyo hatukuikataa habari hii kwa sababu ni ngeni. Tulikwenda kuuliza inafanyaje kazi, inaweza nini, na haiwezi nini.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mashine inabebwa na ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau. Nguvu yake inatoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ile mafundi wanayoiita PTO. Shafti hiyo inazungusha gurudumu zito la chuma, na pembeni mwa gurudumu kuna meno mafupi ya chuma kigumu sana. Dereva anarudi nyuma taratibu mpaka meno yagusane na kisiki, halafu gurudumu linapelekwa kushoto na kulia, huku likishuka kidogo kidogo. Kila likipita linakwangua tabaka. Kisiki hakitoki kizima. Kinageuka kuwa vipande na unga wa mti, kama anavyofanya mama akiparura nazi.

Faida yake ni kweli ipo. Kisiki ambacho vijana wanne wangekichimba kutwa nzima kwa sururu na mtaimbo, mashine inakimaliza kwa muda mfupi. Haiachi shimo kubwa linalogeuka dimbwi. Wala haigeuzi udongo wa chini kuja juu, kama linavyofanya buldoza linapokwangua shamba na kuondoka na rutuba yote.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mashine hii haiondoi mizizi. Inasaga kile kichwa na shina la chini, na mashine za kawaida hushuka sentimeta 20 mpaka 30 chini ya uso wa ardhi. Plau ya diski ikikaza nayo inashuka karibu hapo hapo. Maana yake, dereva mvivu akisaga juu juu ili ahesabiwe visiki vingi, ataondoka na fedha zetu, sisi tutafukia kwa udongo tukidhani shamba ni safi, na plau itakwenda kugonga kile kilichobaki. Kisiki unachokiona unakikwepa. Usichokiona ndicho kinachokuvunjia plau. Kwa hiyo, kama tutaikodi, kila kisiki kitapimwa kwa kijiti kabla ya kufukiwa. Kijiti tumeshakitia alama ya sentimeta 30. Pasipofika, dereva anarudia.

Na mti wenye tabia ya kuchipua, kama mtiki au mjohoro, ukisagwa kidogo tu unaweza kuota tena. Lazima mtu apite baada ya mwezi na panga kukata machipukizi.

Ndugu wanachama, hapa tunataka kuwakumbusha habari ya Kongwa, maana ni somo la nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza hawana mafuta ya kupikia, wakaona walime karanga huku. Walikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Walianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Fedha walikuwa nazo, wataalamu walikuwa nao, na mashine walikuwa nazo kuliko kijiji chochote kitakavyowahi kuwa nazo. Walileta matrekta na mabuldoza yaliyotumika vitani. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo mizito ya meli ilifungwa kati ya matrekta mawili, yakaenda sambamba, na pori likalala chini.

Pori kulala lililala. Kazi ilikuwa mizizi. Majembe ya chuma yaliingia kwenye mizizi ya Kongwa, yakajaa, yakapinda, yakakatika. Udongo wenyewe ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na mchanga wake unasaga chuma. Matrekta yaliyokuja yamechoka yakafa mengi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Mwaka wa kwanza walitegemea ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Na mvua nazo hazikuwasikiliza. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Hatusemi haya kuwacheka. Tunasema kwa sababu sisi, kwenye ekari zetu 30, tulifanya kosa la namna ile ile. Wao walinunua mashine kwanza, ndipo wakaijua ardhi. Sisi tulikodi trekta kwanza, ndipo tukakijua kisiki.

Kwa hiyo safari hii tulianza na miguu. Kamati nzima ililizunguka shamba, mstari kwa mstari, na mambo za miti na vitambaa. Kila kisiki tukakichomekea mambo. Tukahesabu visiki 74. Tukarudi tumechoka lakini tumefurahi, tukasema sasa tuite mashine ivisage vyote 74 yaishe.

Hapo ndipo bibi mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wake wa kuni alipotuuliza. Tukamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia, marahaba wanangu. Halafu akasema, "Hivi nyie mkishavisaga vyote vikawa unga, mimi nitapikia nini?"

Ndugu zetu, tulikosa jibu.

Maana ni kweli. Sisi tunaoishi chini ya milima ya Udzungwa tunajua kuni zilivyo. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi wananchi waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Hatulijadili hilo leo. Ule msitu ndio unaotupa maji ya mito yetu, na bila maji hakuna mpunga. Lakini jiko halijui habari ya hifadhi. Jiko linataka kuni. Na kisiki kikavu, kikichimbwa na kupasuliwa, ni kuni nzuri zinazokaa na moto. Kikisagwa hakuna cha kupeleka jikoni.

Basi tukarudi shambani mara ya pili. Hatukuuliza tena visiki viko vingapi. Tuliuliza, hiki ni kisiki gani? Tukavigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza, vya kuachwa: visiki 22. Hivi viko upande wa mto na kwenye ule mteremko wa juu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini hata sheria isingekuwepo, mnajua mto wetu ukijaa wakati wa masika unavyokula kingo. Mizizi ya visiki vile ndiyo inayoshika udongo. Vinavyochipua tuviache vichipue, tuchague machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine tupunguze. Hapo tumepata miti bila kuotesha kitalu. Na tunasema wazi: mti mzima si kisiki. Mtu asije akakata mti usiku, asubuhi akatuonyesha kisiki. Miti ina taratibu zake na vibali vyake.

Fungu la pili, vya kung'olewa kwa mkono: visiki 33. Hivi ni vidogo, au ni vikavu vilivyoanza kuoza mizizi. Hivi havitaki mashine. Vinataka sururu, shoka, mtaimbo na watu. Chimba kukizunguka, kata mizizi ya pembeni kwanza, kisha sukuma kwa mtaimbo upate kuuona mzizi wa katikati. Kuni zote za fungu hili tunapendekeza zigawiwe kwa kaya za wanachama, na tuanze na wajane na wazee wasio na mtu wa kuwasaidia.

Fungu la tatu, vya kusagwa: visiki 19. Hivi ni vile vikubwa vilivyo katikati ya njia ya plau, vibichi bado, mizizi imekwenda mbali. Kuvichimba kwa mkono ni kumaliza nguvu za vijana mwezi mzima, na mashimo yake yangeharibu majaruba. Hivi, na hivi tu, tunaomba mkubali vikodiwe mashine.

Wapo waliosema tuvichome moto vyote bila gharama. Ni kweli wazee walichoma visiki. Lakini moto wa kisiki unaingia kwenye mizizi, unatembea chini kwa chini siku kadhaa, na unaweza kuibukia pengine mmeshalala. Tukiwa jirani na hifadhi, na mashamba ya miwa na nyumba za makuti ziko karibu, hatuwezi kuthubutu.

Sasa juu ya ule unga wa mti. Vijana walisema tuuchanganye na udongo uwe mbolea. Hapana, si mara moja. Mti mbichi ukifukiwa, wale vijidudu wanaouozesha wanahitaji naitrojeni, na wanaichukua kwenye udongo ule ule unaoutegemea mpunga. Mpunga wako utakuwa wa njano na utadhani ni ugonjwa. Unga huo tuuzoe, mwingine tuutandaze chini ya migomba kuzuia majani na kutunza unyevu, na mwingine tuuchanganye na samadi kwenye lundo mpaka uoze uwe mweusi. Hapo ndipo utakuwa mbolea. Shimo tulijaze udongo, si unga. Unga ukioza unashuka, na trekta litazama gurudumu.

Ndugu wanachama, sasa usalama. Hapa tunaomba kila mzazi asikilize.

Shafti ile ya PTO kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika upindo wa kanga au mkono wa shati, imeshakuzungusha mara tisa kabla hujasema jamani. Kwa hiyo tumeweka masharti haya, na hayana msamaha:

Moja. Mashine isiyokuwa na kifuniko cha shafti hatuipokei, hata ikiwa ya bei nafuu.

Mbili. Atakayekuwa karibu ni dereva na msaidizi wake tu. Wengine wote wakae hatua 50, na mbele ya trekta, maana vipande vinarushwa kama risasi za manati.

Tatu. Watoto siku hiyo wasifike shambani kabisa. Tunajua watataka kuangalia. Wazazi washikeni.

Nne. Hakuna kugusa meno, kutoa mzizi ulionasa wala kukagua kitu chochote mpaka injini imezimwa, ufunguo umetolewa, na gurudumu limesimama lenyewe. Lile gurudumu ni zito, linaendelea kuzunguka hata PTO ikishakatwa.

Tano. Siku moja kabla, kila kisiki kati ya vile 19 kichimbuliwe pembeni na kusafishwa. Mawe, waya na misumari vitolewe. Jiwe moja linavunja meno, na meno ni gharama yetu. Tazameni pia nyoka na manyigu. Wanapenda sana chini ya visiki.

Sita. Kazi ifanyike ardhi ikiwa kavu. Udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa, trekta linazama, na tutakodi trekta la pili kulivuta la kwanza.

Saba. Mnyororo wa kuvuta visiki kwa trekta umepigwa marufuku katika shamba hili. Tumekwisha kuona.

Tunakuja kwenye fedha, maana najua, au tuseme tunajua, hapo ndipo masikio yanaposimama. Fedha ya mfuko ni ile ya mpunga wa mwaka jana. Haitoshi kutengeneza paa la ghala na pia kusaga visiki vyote 74. Lakini inatosha kutengeneza paa na kusaga visiki 19, kama vile 33 tutaving'oa sisi wenyewe kwa mikono yetu. Hesabu iko mezani kwa mweka hazina, kila mwanachama aje aiangalie. Na mkataba wa mashine tunapendekeza uwe wa kulipa kwa kisiki kilichopimwa kwa kijiti. Tukilipa kwa saa, mwenye mashine atakuwa na saa ndefu.

Wapo watakaosema, tulipe tu mashine ivimalize vyote, kwa nini tujitese na sururu siku hizi? Tunawajibu hivi. Mashine ni mtumishi mzuri kwa mtu aliyekwisha kuijua kazi yake. Ukimkabidhi shamba usilolijua, atakula fedha, atakula kuni za bibi, na mto utakula ukingo. Bora tutembee shambani siku tatu kuliko kulia msimu mzima.

Mapendekezo yetu kwa mkutano ni manne. Kwanza, mkubali mgawo wa visiki kama tulivyousoma, au mwenye hoja twende naye shambani akatuonyeshe kisiki chenyewe. Pili, mkubali kukodi mashine kwa visiki 19. Tatu, kila kaya itoe mtu mmoja kwa siku mbili za kung'oa vile 33. Asiyeweza kuchimba atapika au atateka maji, nayo ni kazi. Nne, kuanzia mwaka huu, trekta lolote lisiingie shamba la ushirika kabla kamati haijalizunguka kwa miguu na kutia sahihi kwenye daftari. Ikitokea tena plau imevunjika kwa kisiki ambacho hatukukitia alama, kamati ijiuzulu. Hilo tumelitaka wenyewe.

Yule bibi tulikutana naye tena juzi. Tukamwambia, bibi, visiki 33 ni vya kuni. Akatuangalia, akasema, "Haya. Niitieni siku hiyo, nitakuja na kamba yangu."

Nasi tunawaomba, ndugu wanachama, siku hiyo kila mmoja aje na cha kwake: mwenye sururu na sururu, mwenye shoka na shoka, mwenye kamba na kamba. Kura tutapiga baada ya maswali.

Kazi iendelee.

Kamati ya Shamba